Potwe wa Kilindoni hakuwa ameondoka

Upepo wa kusi unapokatika mwezi wa Oktoba na bahari ya magharibi mwa Kisiwa cha Mafia ikaanza kulala, watu wa Kilindoni huulizana swali moja: potwe kaonekana? Jibu huwa halichelewi. Mvuvi atasema alimpita asubuhi karibu na gati, pezi nje, mdomo wazi, anakwenda polepole kama mtu anayepalilia shamba lake. Haupiti muda boti za kupeleka wageni zinatoka kila siku. Mambo huwa hivyo hadi Februari, Machi. Kisha masika huingia, kusi hurudi, pezi halionekani tena, na watu husema: ameshaondoka, tutamwona mwakani.

Kisa ninachotaka kukichambua kimejengwa juu ya maneno hayo ya mwisho. Wavuvi waliyaamini, waongoza wageni waliyaamini, na wanasayansi nao waliyaamini. Yalikuwa na mantiki yake. Lakini hayakuwa kweli, na kwa maoni yangu kosa hilo dogo la kuona ndilo linaloeleza kwa nini ulinzi wa papa potwe wa Mafia bado una pengo la miezi sita.

Mnyama mwenyewe

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote walio hai. Wazungu walimwita kwa jina la nyangumi kwa ajili ya ukubwa wake, lakini ni papa kamili: anapumua kwa matamvua, mifupa yake ni gegedu, na taa ni jamaa zake wa karibu. Wapo waliopimwa wakafikia karibu mita 18. Hawa wa Kilindoni ni wadogo zaidi, wengi wao madume ambao hawajapevuka. Ana meno maelfu, madogo mno, ambayo hayatumii kulia. Chakula chake hukichuja: anameza maji, maji yanatoka matamvuani, kilichokuwa ndani ya maji kinabaki.

Mgongoni ana madoa meupe yaliyopangwa katika mistari. Pwani ya Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, na husimuliwa kwamba Mungu alipomuumba alipendezwa naye hata akammwagia sarafu za fedha kutoka mbinguni, zikamganda mgongoni. Nayataja madoa hayo kwa sababu yatarudi katika kisa hiki: kila potwe ana mpangilio wake, usiofanana na wa mwingine, na haubadiliki kiasi cha kumpoteza mtu anayemfuatilia.

Kinachomfanya awe mnyama wa kuhofiwa maisha yake ni mwendo wake wa kukua. Julai 1995 wavuvi wa Taiwan walimkamata jike wa mita 10.6 akiwa na vilenge takriban 300 tumboni, wengine wakiwa wameshatoka mayaini humo humo na kufikia zaidi ya nusu mita. Mpaka leo huyo ndiye jike mjamzito ambaye elimu nyingi ya uzazi wa potwe imetoka kwake. Idadi ya watoto 300 inaweza kumdanganya mtu akadhani wanazaliana kama dagaa. Kumbe mwaka 2020 watafiti waliopima pingili za uti wa mgongo, kwa kutumia alama ya kaboni iliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, walikuta jike wa mita 10 aliyepatikana Pakistani alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Dume huanza kupevuka akiwa na mita 8 au 9. Kwa hiyo dume wa mita sita anayekula mbele ya gati la Kilindoni leo ana safari ya miaka mingi kabla hajazaa mtoto hata mmoja. Ukimtoa baharini, umetoa mtu ambaye hajaacha kitu nyuma.

Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilimpandisha daraja la hatari: sasa yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, ambako ndiko waliko wengi, inakadiriwa wamepungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa vizazi vitatu vyao.

Kwa nini kila mtu aliamini ameondoka

Sababu ya kwanza ni macho. Potwe wa Mafia huonekana kwa sababu anakula juu. Anachokifuata ni uduvi, tena uduvi mdogo sana unaojikusanya kama wingu karibu na uso wa maji, na watafiti walipochota maji mahali alipokuwa akila walikuta uduvi huo umejaa kupita sehemu za pembeni. Wakati mwingine huogelea mdomo wazi, pezi la mgongo na ncha ya mkia zikikata maji. Wakati mwingine husimama wima, mdomo juu mkia chini, akivuta maji kwa mikupuo. Mnyama wa namna hiyo hamhitaji mtu kuwa mtaalamu ili amwone. Mtoto aliyekaa juu ya ngalawa atamwona. Basi asipoonekana miezi sita, nani atadhani yupo?

Sababu ya pili ni sifa ya msafiri aliyo nayo duniani. Jike mmoja aliyewekewa kifaa cha setilaiti Panama mwaka 2011 alifuatiliwa siku 841 akivuka Pasifiki hadi eneo la Visiwa vya Mariana, zaidi ya kilomita 20,000. Mkataba wa kimataifa wa wanyama wanaohama ulimwandika mwaka 1999, na mwaka 2017, katika mkutano wa Manila, ukamweka katika orodha yake ya juu, ile inayozitaka nchi wanachama zikataze kabisa kumuua. Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo mtafiti aliyesema potwe wa Mafia huenda kusikojulikana mwezi wa Aprili alikuwa akisema jambo lililolingana na kila alichokisoma.

Tukampokea kama mgeni. Mgeni hupokelewa vizuri kwetu, hupewa nafasi, hutazamwa asiumie. Akishaaga, mlango hufungwa, kila mtu hurudi kwenye kazi zake.

Masikio chini ya maji

Mwaka 2012 timu ya watafiti ilianza kazi Kilindoni. Walikuwamo watu wa shirika la Marine Megafauna Foundation, akina Simon Pierce na Chris Rohner, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha KAUST cha Saudi Arabia, na WWF ya Tanzania ilishirikiana nao. Walifanya kazi mbili kwa pamoja, na uzito wa kisa hiki umo katika huko kuzifanya kwa pamoja.

Ya kwanza ilikuwa ya macho: kutoka na boti, kutafuta, kuhesabu, na kupiga picha ubavu wa kila potwe. Picha hizo hulinganishwa na kompyuta kwa hesabu ambayo asili yake ni ya wanajimu. Mwanzoni ilitungwa mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2005, mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa programu Jason Holmberg na mtafiti wa potwe Brad Norman waliibadilisha isome madoa badala ya nyota. Manahodha wetu walikuwa wakisoma Kilimia angani ili wajue msimu na njia, na nafurahi kwamba hesabu ya nyota ndiyo iliyotusaidia kumtambua samaki wa hapa kwa sura yake.

Kazi ya pili ilikuwa ya masikio. Potwe waliwekewa vifaa vidogo karibu na pezi la mgongo, kila kimoja kikitoa mlio wenye namba yake, mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Vipokezi vilifungwa chini ya bahari sehemu mbalimbali za maji ya Mafia. Potwe akipita umbali wa mita mia chache, kipokezi huandika: fulani, tarehe fulani, saa fulani. Hakijali kama maji yamechafuka kwa mchanga wa Rufiji, hakijali usiku, hakijali kama kusi limevuma hata boti zikashindwa kutoka.

Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2015, mwandishi wa kwanza akiwa Fernando Cagua. Macho yalisema kile kile ambacho kila mtu alikijua: potwe ni wengi kuanzia Oktoba hadi Februari, miezi mingine hakuna hata mmoja. Masikio yalikataa. Vipokezi viliendelea kuandika namba zile zile, mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima. Samaki walikuwapo. Walichofanya ni kusogea mbali kidogo na ufuko na kuogelea chini zaidi, inavyoelekea kwa kukifuata chakula, na kwa kutokuja juu wakawa hawaonekani.

Ilikuwa mara ya kwanza duniani kuthibitishwa kwamba potwe mmoja mmoja anaweza kukaa mahali pamoja mwaka mzima bila kulishwa na watu. Kazi za baadaye ziliongeza uzito. Picha za potwe wa Tanzania zilipolinganishwa na za Msumbiji na za Qatar, waliovuka kutoka kundi moja hadi jingine walikuwa wachache mno wa kuhesabika kwa vidole. Vifaa vya setilaiti navyo vilionyesha kwamba hata wanapotoka Mafia, wengi hubaki katika maji ya pwani hii hii na kurudi. Sisemi kwamba potwe hahami. Jike yule wa Panama alihama kweli. Ila hawa vijana wa kiume wa Kilindoni, katika umri huu, ni wenyeji.

Maana yake kwa anayelinda

Mtu akiambiwa mgeni wake ni mwenyeji, mambo mengi nyumbani hubadilika. Hapa naona manne ya kutazamwa, na yote hayalingani uzito.

Mpaka wa hifadhi ni jambo la kwanza kumshangaza anayeitazama ramani. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina ukubwa wa kilomita za mraba 822 na imejengwa juu ya matumbawe: Ghuba ya Chole, Jibondo, Juani, upande wa kusini na mashariki. Potwe anakula Kilindoni, magharibi, nje ya mpaka. Waliouchora hawakukosea kwa elimu ya wakati wao. Lakini matokeo ni kwamba mnyama mashuhuri kuliko wote wa kisiwa kile anakula nje ya hifadhi ya kisiwa kile.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi, nalo ni nyavu.

Kwenye Mfereji wa Mafia, kati ya kisiwa na delta ya Rufiji, huvuliwa kwa mtando, au ringineti kama wengi wanavyouita: wavu mrefu unaozungushiwa kundi la samaki wadogo kisha ukafungwa chini. Samaki hao hula kile kile anachokila potwe au kinachokaribiana nacho. Penye uduvi pana samaki, penye samaki pana potwe, na nahodha anayezungusha wavu wake hapo anaweza kufunga duara akiwa amemweka ndani mnyama wa tani kadhaa. Hakumkusudia. Hana soko lake na hamtaki. Mara nyingi anachotaka ni atoke upesi kabla hajaupasua wavu, kwa kuwa wavu ule ni mtaji wa watu wengi walio ndani ya chombo na wengine walio ufukweni.

Namna ya kumtoa inajulikana kwa wanaovua kwa wavu wa kuzungusha: kushusha kamba ya maboya upande mmoja hata izame, kumwachia njia apite juu yake, au ikishindikana kukata. Ubaya wake ni kwamba kila dakika ya kumtoa ni samaki wanaotoroka, na kila kipande kinachokatwa ni fedha ya kushona. Mvuvi anayemtoa potwe salama analipa yeye. Mwenye boti atakayepeleka wageni kumtazama potwe huyo kesho yake asubuhi ndiye anayepokea. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha ugumu wote, na semina za kumwelimisha mvuvi kuhusu thamani ya potwe hazitapafikia, kwa sababu mvuvi thamani hiyo anaijua vizuri. Anachokosa ni fungu lake ndani yake. Sehemu ya ada anayolipa mgeni ili aogelee na potwe ingeweza kwenda moja kwa moja kwenye kutengeneza nyavu zilizokatwa, kwa uthibitisho wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, BMU, cha ufukwe ule. Hilo lingefanya kazi kuliko mabango.

Jarife ni shari zaidi. Ni wavu wa macho makubwa unaotegwa na kuachwa, aghalabu usiku, kwa ajili ya papa wengine, taa na samaki wakubwa. Mtando una watu pembeni yake wanaoona kilichoingia. Jarife halina mtu. Potwe akinasa humo atajizungusha, kamba itamkaza mkiani na kwenye mapezi, na atakuja kukutwa asubuhi.

Sasa weka matokeo ya vipokezi juu ya picha hii. Tulipoamini potwe ameondoka Machi, hatukuwa na sababu ya kuuliza nini kinampata Mei, Juni au Julai. Miezi ya kaskazi ana walinzi bila hata kuwaajiri: boti za wageni zipo, kamera zipo, nahodha akikosea kuna wa kumwona. Miezi ya kusi wageni hawapo. Nyavu zipo, na samaki wale wale wako chini yake, mahali wasipoonekana. Ulinzi wetu umefuata kalenda ya utalii.

Utalii wenyewe, ambalo ni jambo la tatu, sina ugomvi nao. Umempa potwe aliye hai bei, na huko Oslob, Ufilipino, ambako tangu 2011 hulishwa kwa mkono ili asiondoke, tumeona njia ambayo Mafia haina haja ya kuifuata: mnyama hapa hukaa mwenyewe kwa kuwa chakula chake kipo. Kanuni zinajulikana. Mwogeleaji akae mita 3 au zaidi kutoka ubavuni na aongeze anapokuwa karibu na mkia, asimguse, asimkatie njia, asimmulike. Boti ipunguze mwendo na isimkimbilie. Ila kujua kwamba ni samaki wale wale wanaorudiwa kunazifanya kanuni hizo ziwe nzito zaidi. Anayesumbuliwa leo asubuhi hajasumbuliwa mara moja akaenda zake Msumbiji. Ni yule yule aliyesumbuliwa jana na juzi, na ataendelea kuwa hapo kaskazi ijayo, labda na ya baada yake.

La nne liko nje ya bahari. Mto Rufiji humwaga maji na tope lake mbele ya Mafia, kupitia moja ya misitu mikubwa ya mikoko katika Afrika Mashariki, na maji hayo huleta rutuba. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa. Nchi inahitaji umeme, na sina nia ya kubishana na hilo. Lakini potwe wa Kilindoni anaishi kwa uduvi, na kama mgawanyo wa maji ya mto katika miezi ya mwaka utabadilika, uduvi ndio utakaotangulia kusema. Msafiri akikosa chakula hupita. Mwenyeji hukonda kwanza. Kwa hiyo kupima uduvi wa Mfereji wa Mafia kila mwaka kunastahili kuwa kazi ya kudumu ya TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, isiachwe itegemee msimu wa ufadhili wa wageni.

Kazi ya kuanzia

Nikiulizwa nini kifanyike kwanza, sitaanza na kupanua hifadhi, ingawa naamini maji ya Kilindoni yanastahili ulinzi wa aina yake. Kuchora mpaka upya huchukua miaka, na kukifanywa bila wavuvi huzaa uadui ambao potwe ndiye atakayeulipa.

Ningeanza na daftari la miezi ya kusi. Kila ufuko ambao mtando au jarife hutokea, BMU iandike kila potwe aliyeingia wavuni kuanzia Aprili hadi Septemba: tarehe, mahali, aina ya wavu, alitokaje, na wavu ulipata hasara gani. Nahodha asiogope kuandikwa. Daftari litakalotumika kumkamata mtu litakuwa tupu ndani ya mwezi mmoja.

Na penye simu, picha. Simu zipo karibu kila chombo siku hizi. Ipigwe ubavu wa kushoto, nyuma tu ya tundu za matamvua, juu ya pezi la ubavuni, mwanga ukitosha na madoa yakionekana. Kipande hicho cha ngozi kinatosha kumtambua ni yupi, alionekana mara ya mwisho lini, na kama kaskazi iliyopita alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakila mbele ya gati.